Pua ya Namba Kumi na Saba

Tarehe 6 Januari

Mpwa wangu Kasuku,

Nakusalimu wewe, nayasalimu na macho yako yaliyochoka kutazama vichwa vya watu. Sisi huku hatujambo. Mkaza-mjomba wako hajambo kupita kiasi. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya boksi langu la viungo vya bomba, kwa hiyo sina elbo wala koki, nina watoto wanne wa paka. Mwambie mama yako ile dawa ya kikohozi aliyonipa nimeimaliza, ingawa sikuwa na kikohozi.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu yangu imezama. Mwezi uliopita nilikuwa juu ya paa la yule mama muoka mikate, nafunga koki ya tangi lake, simu ikaita, nikaishika, ikateleza, ikaingia tangini. Simu huteleza, si ajabu. Hilo tuliache.

Jambo lenyewe ni hili. Mkaza-mjomba wako ameficha ngazi yangu. Ngazi ya futi kumi na sita, mwanangu, si kijiko cha chai. Nimetafuta uvunguni, nimetafuta nyuma ya kabati, nimekwenda hadi kwa majirani wa pande zote mbili nikijidai naazima chumvi. Sasa tuna chumvi ya miaka miwili na ngazi hakuna. Anasema kichwa changu si kizima, na mwenye kichwa kibovu hapandi paa. Nikamwuliza, umekipima? Akasema, kakipime wewe, ukileta karatasi yenye muhuri kwamba ni kizima, ngazi utaiona siku hiyo hiyo.

Sasa fundi bomba bila ngazi ni nani? Matangi yote ya mji huu yako juu. Maji huwekwa juu ili yashuke, elimu yote ya bomba ni hiyo. Tangu ngazi ipotee nazibua masinki tu, kwa magoti, na wateja wangu wa paa wameanza kumwita yule fundi wa mtaa wa pili anayefunga koki kinyumenyume. Miaka thelathini na nane ya kazi inaishia chini ya sinki. Nimemsimulia Chuma, rafiki yangu kinyozi, yule tuliyemwita Chuma kwa sababu hajawahi kuugua hata mafua. Alicheka mpaka akanigusa sikio kwa wembe.

Ndipo nikakumbuka kwamba wewe unafanya kazi na ile mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo. Naomba uniandikie cheti. Kichwa hiki unakijua, ulikuwa ukikaa mabegani mwangu na kuniongoza kwa masikio. Andika tu "kizima", gonga muhuri, tuma.

Mjomba wako asiye na ngazi.

Tarehe 30 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, nikainuka kwenye kiti nikaisoma kwa sauti, wenzangu wa ofisini sasa wote wanaulizia paka. Mama hajambo. Anasema ile haikuwa dawa ya kikohozi, ilikuwa ya kung'arisha viatu, ila aliimimina kwenye chupa ya dawa. Kama bado uko nasi, basi ashukuriwe Mungu.

Cheti siandiki. Mimi si daktari, mimi ni mpiga hesabu wa picha. Lakini umegonga mlango kwa wakati wake, maana tuna utafiti wa watu waliovuka miaka sitini, na mashine mojawapo ipo kwenye kituo cha vipimo hapo hapo mjini kwenu. Unakwenda, unapimwa, picha zinaletwa kwangu zikiwa na namba, hazina jina. Mimi nahesabu kila sehemu ya ubongo inapata damu kiasi gani kwa dakika. Nikiona kitu cha kutisha nampa daktari, naye anamtafuta mtu.

Nikueleze kwa lugha yako. Unalala ndani ya bomba nene la sumaku. Sindano hakuna, rangi hakuna. Mashine inayatia alama maji yaliyo ndani ya damu yangali shingoni, kwa nguvu ya sumaku tu, inasubiri kama sekunde mbili, kisha inapiga picha kuona yamefika wapi. Halafu inapiga nyingine bila alama. Mimi natoa moja kwenye nyingine, na kinachobaki ni damu mpya iliyoingia. Kisha utaambiwa uzuie pumzi sekunde ishirini. Ukizuia pumzi, mishipa mizima hutanuka na damu huongezeka. Mshipa uliokakamaa hautanuki, na ule ambao huko nyuma yake pameziba hautanuki pia, kwa sababu umeshatanuka mpaka mwisho wake. Hiyo sehemu ndiyo inayotuambia mengi.

Usiende na kitu chochote cha chuma. Nakujua, kwa hiyo nataja moja moja: spana, misumari ya mfukoni, ule mkanda wenye kichwa cha simba.

Swali moja, mjomba. Simu huteleza kwenye mkono uliolowa. Mkono wako ulikuwa umelowa?

Mpwa wako, Kasuku.

Tarehe 21 Februari

Kasuku wangu,

Salamu nyingi, na mwambie mama yako viatu vya tumbo langu vinang'aa. Mkaza-mjomba wako anakusalimu, ameimaliza ile chumvi kwa nguvu, kila chakula ni bahari.

Nimepima. Tayari. Umesikia? Nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu miwili. Namba yangu ni kumi na saba, kama mchezaji wa pembeni. Mkaza-mjomba wako ameiandika ukutani jikoni, chini ya kalenda, anasubiri muhuri.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukasema sikwenda. Walinilaza, wakanivika kitu kama kapu kichwani. Mashine ikaanza kunguruma sawasawa na mashine ya kunyolea inapopita nyuma ya sikio. Nikajisemea, leo na mimi nimekuwa mteja. Yule dada wa mashine alinishika kidevu kunigeuza, na kusema kweli hana mkono. Kidevu hakishikwi kwa kiganja, kinashikwa kwa vidole viwili, taratibu, mtu asijue kama ameshikwa. Kuzuia pumzi kulikuwa mchezo, maana mtu anayenyoa makwapa ya watu, yaani anayezibua vyoo vya watu, amezoea kuzuia pumzi tangu ujana wake.

Kuhusu damu yenye alama, nimekuelewa kuliko ulivyojielewa. Hata sisi tukitaka kujua bomba limeziba wapi, tunamimina rangi kule barabarani na mtu anakaa jikoni anasubiri. Ikichelewa, kuna jambo. Isipofika, kuna jambo kubwa. Mnatumia sumaku kwa sababu ya elimu nyingi.

Umeuliza habari ya mkono. Watoto wa paka macho yao yamebadilika rangi, mmoja ana jicho la kijani na jingine la kahawia.

Harakisha muhuri. Jana nimepita kwa muoka mikate, tangi lake linavuja pale pale kwenye koki niliyoiacha, tone kwa tone ukutani, na mimi nipo chini natazama juu kama kuku anayekunywa maji.

Mjomba wako, namba kumi na saba.

Tarehe 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi sijambo, kazi inaendelea. Salamu ni hizo tu leo. Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka na nakuomba uisome umesimama, viatu vikiwa mguuni.

Namba ulinitajia wewe, mimi sikuichokonoa. Picha ya namba kumi na saba ilipofungukia mezani kwangu, nilikaa vizuri, nikasema haya, namwona mjomba. Unajua, kabla ya hesabu za damu huwa kuna picha ya kichwa kizima kwa upande. Paji la uso limo, kidevu kimo, pua imo. Kazi yangu ya kwanza ni kuifuta sura hiyo, ili asije mtu akamtambua mwenzake. Nilikuwa tayari kufuta. Nikatazama pua.

Mjomba, tuzungumze kuhusu pua. Babu alikuwa na kona katikati ya pua, mithili ya elbo ya nusu inchi, maneno yako mwenyewe siku ya arusi ya mama. Mama anayo. Wewe unayo. Mimi ninayo, na imenikosesha miwani mitatu. Mtoto wa dada yangu alizaliwa nayo hadi mkunga akaomba radhi, alidhani ni yeye aliyeikunja. Sasa pua ya namba kumi na saba ni fupi, imenyooka, imetulia mahali pake. Ni pua nzuri sana. Si yetu. Na mashine yetu ina uwezo mwingi, lakini hainyooshi pua.

Nilicheka, mjomba. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniletea maji. Kisha nikafanya hesabu za damu, nikaacha kucheka.

Kilichomo ndani ya kichwa hicho sitakuambia, kwa kuwa si chako. Nakuambia hivi tu. Daktari wetu amekiona, amekiandikia kituo kimtafute mwenye jina, na jina waliloandikiwa ni lako. Kwa hiyo watakuja kwako, na wewe kwa unavyojijua utawaambia huumwi popote, nao watakupima watakuta kweli hicho si kichwa chako, na siku zitakuwa zimepita. Mwenye pua hiyo anatakiwa hospitali wiki hii. Sikusema mwezi huu. Mchukue umpeleke na barua hii mkononi. Kama mnacheka, nendeni mkicheka.

Ukishampeleka ndipo unijibu ni nani, ingawa mtu anayejua kidevu kinavyoshikwa namjua mmoja tu.

Kasuku.

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Nimempeleka.

Salamu zitafuata mwishoni nikipata nguvu.

Ni Chuma, kama ulivyobaini. Barua yako ilifika asubuhi, nikaenda dukani kwake nimevaa ndala, kiatu kimoja sikukiona. Alikuwa na mteja kwenye kiti, mwalimu mmoja mstaafu, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado. Nikamwambia Chuma, vua koti la kazi twende. Akasema, mimi Chuma, niende wapi? Nikamsomea barua. Akaanza kubisha, kwamba yeye hali chumvi, anatembea kila alfajiri, hata jino halijawahi kumuuma. Nikamwambia bomba nalo kwa nje huwa zima. Akavua koti. Mwalimu naye hakukubali kuachwa nusu, akatufuata hospitali na shuka la kinyozi shingoni, tukaingia watu watatu mapokezi, nesi akamkimbilia mwalimu akidhani mgonjwa ndiye yeye.

Daktari akatoka akauliza, nani namba kumi na saba? Tukasimama wote wawili. Uongo ukiuzoea unakusimamisha wenyewe.

Chuma ameniruhusu nikueleze. Mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, umeziba karibu wote. Upande ule wa kichwa ulikuwa unaishi kwa maji ya jirani. Daktari akasema angekaa miezi miwili au mitatu hivi angeanguka na wembe mkononi. Wamemlaza, watamfanyia upasuaji. Kabla hajalala alimalizia ile nusu ya mwalimu, pale pale kitandani, nesi ameshika taa. Hakutaka kuacha kazi ya watu.

Sasa langu. Mkono wangu haukuwa umelowa.

Simu ilipoita niliishika, na mkono wa kulia ukafa. Haukuuma, ulikufa tu, ukawa si wangu. Simu ikaenda. Nikaitazama inazama huku nikitafuta jina la kitu kile, mwanangu, najua ni cha kuongelea, jina limekwenda. Nilikaa juu ya paa pale kama dakika tano, mtu mzima, nashikilia tangi kwa mkono wa kushoto. Kisha mkono ukarudi, na jina likarudi, nikashuka. Muoka mikate aliniona ninavyoshuka, ndiye aliyemwambia mkaza-mjomba wako.

Niliogopa. Nilijua nikilala kwenye mashine yenu itaonekana, na nikikutwa kibovu ngazi sitaiona tena. Nikamwomba Chuma aende na kitambulisho changu, picha yake ni ya enzi za nywele, na wazee tukivaa kofia tunafanana wote. Nikasema kichwa changu kimekuwa mikononi mwake miaka thelathini, nani wa kukiwakilisha kama si yeye? Nilimchagua kwa sababu ni mzima.

Salamu kwa mama yako. Nina aibu.

Mjomba.

Tarehe 2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Chuma, umfikishie kitandani. Mama amesoma barua yako nyuma ya bega langu, anakusalimu na anasema akikuona atakuchapa, umri si hoja, wewe ni mdogo wake.

Kwa yule mwalimu nusu nilicheka. Nilipofika kwenye jina la simu nililia. Na ukweli mmoja nitautoa, maana wewe umetoa wako. Siku ile nilipoona picha ya ule upande uliokosa damu, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, kwamba pua si yako. Kabla sijamhurumia mwenyewe nilikuwa nimeshafurahi. Nimwombe radhi Chuma nikifika.

Na ukweli wa pili. Mkaza-mjomba aliniandikia kabla yako, mwezi wa kumi na mbili. Alinieleza ulivyoshuka paa kwa mkono mmoja na ulivyosema umeteleza. Mimi ndiye niliyemwambia afiche ngazi. Alikoificha sikujui, nakuapia, nilimwambia asiniambie, nisije nikakuonea huruma. Tangu mwanzo nilikuwa nauliza habari ya mkono nikijua jibu, nikingoja ulitoe mwenyewe.

Sasa nisikilize. Mkono kufa dakika tano na kurudi ni barua ya onyo. Inayofuata huwa haina adabu. Nenda kwa daktari leo, usingoje utafiti wangu, mwambie yote ulivyoniandikia, pamoja na jina lililopotea. Halafu kapime kichwa chako. Kile cha kwako.

Kasuku.

Tarehe 6 Mei

Ewe msaliti wa damu yangu,

Nakusalimu hivyo hivyo. Ngazi ilifichwa kwa ushauri wa mtoto niliyembeba mabegani. Nimekaa na mkaza-mjomba wako mezani, nikamwuliza mlianza lini kunipangia? Akasema, kula kwanza.

Nimekwenda kwa daktari. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba alipima mara tatu, akabadilisha na kifaa. Nimepewa vidonge, vya asubuhi vyeupe na vya jioni vya waridi, na mkaza-mjomba wako ananisimamia kama askari wa gereza, namfungulia mdomo aone nimemeza. Chuma alipasuliwa, mshipa wakaufungua wakausafisha, sawa kabisa na ninavyofanya mimi ila wao wananawa kwanza. Ana kovu shingoni na anaongea sana kuliko zamani. Wasichana wa wodini amewanyolea ndugu zao wote.

Sasa sikia. Juzi alinipa funguo za duka nikamletee redio. Nikaingia, nikafungua lile pazia la nyuma anapoanika taulo. Taulo zilikuwa zimeanikwa kwenye ngazi. Futi kumi na sita, alama ya rangi ya bluu kwenye kipandio cha tatu, mkono wangu mwenyewe. Miezi mitatu mpaka alipolazwa nakaa kwenye kiti kile nalia habari ya ngazi, na ngazi iko nyuma ya pazia inakausha taulo, naye ananinyoa huku anasema pole. Sasa najua kwa nini alinigusa sikio.

Nilizitoa taulo. Nikaibeba hadi mlangoni. Hapakuwa na mtu. Tangi la muoka mikate linaonekana ng'ambo ya barabara, linavuja tone kwa tone, ukuta umeota ukijani. Spana ninayo mfukoni siku zote. Nikavuka, nikaiegemeza, nikaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, na cha pili. Cha tatu, pale penye bluu, nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa mzima, umeshika vizuri. Nikauambia, hata siku ile ulikuwa umeshika vizuri. Nikashuka.

Nimezirudisha taulo zote kama zilivyokuwa. Nikakaa kwenye kiti cha Chuma, mbele ya kioo, nikaitazama hii pua. Kesho yake nikaenda kituoni. Namba yangu thelathini na mbili. Safari hii mashine ilinguruma kama pampu mbovu, utaamini sasa. Matokeo naruhusu uniambie yote, na mama yako pia, maana hata nisiporuhusu atasoma nyuma ya bega.

Mjomba wako, mwenye kichwa chake.

Tarehe 4 Juni

Mjomba namba thelathini na mbili,

Shikamoo. Mama hajambo, paka wa ofisini sasa tunaye, wenzangu walishindwa kuvumilia.

Picha imefika. Sikuhitaji namba. Pua iliingia kwanza, kichwa kikafuata.

Mjomba, uliambiwa uzuie pumzi sekunde ishirini. Ulizuia hamsini na nane. Yule dada wa mashine aliacha meza akaja kukutazama kama ungali hai, picha ikaharibika, ikarudiwa, ukazuia sitini na tatu. Ameandika pembeni: "Mshiriki anadhani ni mashindano." Jaribio la tatu ndilo lililofaa, na ni kwa sababu alikuambia fundi wa mtaa wa pili alimaliza ishirini kamili na kusifiwa.

Sasa hesabu, nimezipitia mara nne na daktari amezisoma nami. Damu inafika kote. Upande wa kushoto inachelewa kidogo. Ulipozuia pumzi mishipa ilitanuka, ila kwa uvivu, kama wewe unapoitwa kuosha vyombo. Kuna kovu dogo, punje tu, nadhani ndilo la siku ya simu. Hakuna mshipa mkubwa ulioziba. Ni mishipa iliyobeba presha kubwa miaka mingi ikakakamaa, na vidonge vyako viwili ndivyo vitakavyoilegeza na kuilinda. Mwaka kesho tutapima tena, na nategemea uvivu huo upungue.

Cheti ulichoniomba mwezi wa kwanza nimekiambatisha. Nimeandika mimi, daktari amegonga muhuri, tena mwekundu, maana najua unavyopenda muhuri. Mpe mkaza-mjomba akibandike chini ya kalenda.

Nakupenda, mjomba. Nimelisema, nisilirudie.

Kasuku.

Tarehe 29 Juni

Kasuku, mpiga hesabu wa vichwa,

Salamu zetu zote, za watu wawili, paka watano, na kinyozi mmoja aliyerudi dukani na kunyoa akiwa amekaa kwenye stuli.

Cheti kimefika. Nilimkabidhi mkaza-mjomba wako bahasha kabla ya kuifungua, kwa mbwembwe, nikamwambia haya, muhuri wako huo, ngazi yangu iko wapi. Akafungua akasoma kwa sauti mbele ya Chuma na muoka mikate: "Mwenye pua hii, ambayo imethibitishwa, ana kichwa kizuri cha kukaa chini. Asipande paa." Chuma alicheka mpaka nikamshika shingo kuzuia kovu. Mkaza-mjomba wako hakucheka. Alikikunja vizuri, akasema ahadi ni ahadi, muhuri umekuja, akaenda dukani kwa Chuma akairudisha ngazi mwenyewe, begani, na taulo moja imesahaulika juu yake.

Nikamwuliza, sasa ya nini, na mimi nimekatazwa? Akasema, karatasi imemkataza mwenye pua, na mimi pua yangu imenyooka.

Basi nikueleze tunavyofanya kazi siku hizi. Mkaza-mjomba wako anapanda. Amevaa suruali yangu ya kazi na kofia yake ya kanisani. Mimi nipo chini naelekeza: kushoto, si huko kushoto, kushoto kwako, zungusha tepe nyeupe mara saba, kaza, usikaze sana. Naye ananijibu kutoka juu maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mpwa. Ana mkono, Kasuku. Miaka thelathini na tano nimeishi na fundi sikujua. Wateja wa paa wamerudi, wengine wanatuita wakati hakuna kilichoharibika, wanataka kutazama tu.

Jumanne tulikwenda kwa muoka mikate. Alifunga ile koki iliyonishinda, tangi likaacha kuvuja, akasema niliifunga kinyumenyume, mimi, na nikakubali kwa sababu ni kweli. Kisha akaingiza mkono tangini mpaka begani, akapapasa. Nikauliza, kuna nini? Akanishushia ndoo kwa kamba, ndani yake simu yangu, imeota ukungu. Muoka mikate akasema ndiyo maana mikate ilikuwa na ladha.

Mkaza-mjomba wako akainama kutoka juu akaniuliza, hicho ulichoshika kinaitwaje? Kila siku ananiuliza vitu majina, kijiko, dirisha, koki, anadhani sijui anachotafuta.

Nikamwambia, hii ni simu, mama. Shuka polepole.

Akashuka. Nilishikilia ngazi kwa mikono miwili mpaka mguu wake ulipogusa chini, na hata hapo sikuiachia haraka.

Mjomba wako, fundi bomba wa chini.